Kosa moja, vifungo tofauti

Kwenye daladala za Mbagala na vijiwe vya Kariakoo wengi huamini kwamba kosa moja lazima lizae kifungo kimoja. Hakimu akitofautisha, kuna rushwa. Rushwa ni jinai na iripotiwe, ila tofauti peke yake haiithibitishi.

Kwa wizi wa kawaida, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imeweka ukomo wa miaka 7. Chini ya hapo hakimu hupima. Aliyeiba simu, akakiri mapema, simu ikarudi na hana kosa la nyuma, hawezi kulinganishwa na aliyekwisha kufungwa mara mbili kwa wizi. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni habari nyingine: kifungo chake hakipungui miaka 30.

Kabla ya kulaumu, soma hukumu yenyewe. Tazama kifungu kilichotumika, makosa ya nyuma, na alichosema mshtakiwa kuomba apunguziwe. Sababu zisipoandikwa, hapo una hoja nzito. Kwa hukumu ya mahakama ya wilaya, taarifa ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, rufaa ndani ya 45. Siku za kusubiri nakala ya hukumu hazihesabiwi katika hizo 45. Wengi hukosea hapo, wakakaa kimya gerezani.