Redio za Bujumbura na Sisi wa Kigoma

Asubuhi pale Kibirizi, kati ya magunia ya dagaa na madumu ya mawese, hukosi kumkuta mtu anayesubiri boti huku kabana redio ndogo sikioni, antena yake imefungwa waya wa shaba. Anasikiliza Bujumbura. Kiha na Kirundi ni ndugu, hahitaji mkalimani. Anataka kujua faranga imefikia wapi na njia ya Rumonge ikoje. Ndiyo maana sisi wakufunzi wa uandishi wa habari tukizungumzia uhuru wa vyombo vya habari Burundi, watu wa huku hawaulizi unawahusu nini.

Burundi ina kilomita za mraba 27,834, ndogo kuliko mkoa wetu. Kwa wakulima wengi wa milimani, chombo cha habari ni redio, na redio zilizosikilizwa sana zilikuwa na studio katika mji mmoja, Bujumbura. Kwa hiyo kuinyamazisha nchi nzima ilikuwa kazi ya siku mbili tu.

Siku zenyewe ni tarehe 13 na 14 Mei 2015. Rais Pierre Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam mkutanoni, na Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza redioni kwamba amempindua. Jaribio lilishindwa, lakini redio hazikupona. Rema FM, iliyoiunga mkono serikali, ilivamiwa. Redio huru za RPA (Radio Publique Africaine), Bonesha FM, Isanganiro na Renaissance nazo zikashambuliwa, mitambo ikachomwa na kuvunjwa. Kila upande ulikwenda kuzima sauti ya mwenzake, na aliyebaki gizani ni msikilizaji.

Siku hizohizo Kagunga, kijiji chetu cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kilifurika makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi. Meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini, kisha wapelekwe kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kikazuka, watu wakafa. Hebu jiweke mahali pa mama aliye ufukweni na watoto, hajui kama kijijini kwake kumetulia au kunawaka. Redio yake inakoroma tu. Atamuuliza aliyefika jana, naye alisikia kwa aliyefika juzi. Nasema kwa uchungu: uvumi huo nao ni mzigo, na huvuka mpaka pamoja na watu.

Tarehe 15 Mei 2015, moshi haujaisha, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki jijini Arusha ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na umoja wa waandishi wa Burundi kupinga sheria ya habari ya 2013. Vifungu kadhaa vilionekana kukiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kikiwemo cha kumlazimisha mwandishi kutaja chanzo chake. Hili la chanzo watu hulipita haraka, nami naliona ndilo moyo wa jambo. Chukua karani wa forodha anayeona shehena inapita usiku bila ushuru. Atamwambia mwandishi akiwa na hakika jina lake halitatajwa. Katika nchi ndogo, ambako ofisi nzima inajuana, ukitaja tu idara yake umeshamtaja yeye.

Na sisi tusijitoe. Tarehe 28 Machi 2019 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba vifungu vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba. Ilhali ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu, si mwandishi peke yake, haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu.

Kule Burundi, Isanganiro ilirudi hewani 2016, Bonesha ikaruhusiwa 2021. Mwandishi wa gazeti la Iwacu, Jean Bigirimana, alitoweka Julai 2016. Wenzake wanne wa gazeti hilo walikamatwa Oktoba 2019 wakifuatilia mapigano Bubanza, wakatoka kwa msamaha wa rais Desemba 2020. Watangazaji waliokimbilia Kigali walirekodi vipindi na kuvituma kwa WhatsApp, vikasikilizwa kwa siri kwenye simu.

Sauti za namna hiyo hufika hata huku. Ikikufikia, kabla ya kumrushia mwenzako, sikiliza kama msemaji ametaja jina lake, kituo chake na tarehe. Kama hakutaja, iache ikae kwenye simu yako, umuulize kwanza mtu aliyeshuka botini leo.