Panya hawakufa. Basi dawa ni salama?

Maneno ninayoyasikia kuliko yote katika kazi yangu ni haya: "Dawa imepimwa maabara, panya hawakufa." Wauzaji huyasema, lebo za chupa huyabeba, na wakati mwingine hata watafiti wenzangu huyaandika kwenye ripoti kana kwamba yamemaliza kila kitu. Mimi ni mkemia wa mimea tiba. Nachuja mizizi, magome na majani, kisha natafuta kujua kilichotoka kinaweza kumdhuru nani, kwa njia gani na kwa kiasi gani. Mara nyingi ni kweli kwamba panya hawakufa. Ninachopinga ni jinsi habari hiyo inavyopokelewa, kwa sababu kutoka "panya hawakufa" hadi "dawa ni salama" kuna safari ndefu, na watu wengi huiruka.

Kipimo kinachozungumzwa hapo ni cha sumu ya papo kwa hapo. Zamani kilifanywa kwa mwongozo namba 401 wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima kemikali, uliotumia wanyama wengi ili kupata dozi inayoua nusu yao. Mwongozo huo ulifutwa mwaka 2002. Siku hizi wengi wetu tunafuata namba 423: panya watatu kwa kila hatua, kwa kawaida majike, wananyweshwa mchujo kwa mrija mwembamba unaofika tumboni. Mmea usiotiliwa shaka unaweza kuanzishiwa dozi ya juu, miligramu 2000 kwa kila kilo ya uzito wa panya. Wakinusurika, unarudia kwa watatu wengine. Wote unawaangalia siku 14: wanakula, manyoya yamesimama, wanatetemeka, wanaongezeka uzito? Mwisho unawapasua na kukagua viungo.

Msomaji asichukue hizo 2000 akazizidisha kwa kilo zake mwenyewe. Mwili mdogo huchakata vitu kwa kasi zaidi, kwa hiyo dozi ya panya hugawanywa kwa takriban 6.2 kabla ya kulinganishwa na ya binadamu. Kwa mtu wa kilo 60 inakuja kama gramu 19 za mchujo mkavu, na hayo ni makadirio tu. Hata hivyo ni nyingi, na mmea uliovuka hapo umejieleza kwa kiasi fulani. Umesema kwamba panya, akinyweshwa mara moja, hafi ndani ya wiki mbili. Haujasema kitu kuhusu anayekunywa asubuhi na jioni kwa miezi, kuhusu mjamzito, wala kuhusu mzee ambaye tayari anatumia vidonge vya presha.

Kuna mimea ambayo panya hafai hata kuulizwa, na msunguti ndio mfano ninaowapa wanafunzi wangu kila mara. Wagiriama na Wakamba wameutumia kwa vizazi kutengeneza sumu ya mishale: vipande vya mti na mizizi huchemshwa muda mrefu hadi ibaki lami nyeusi. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alitenga kutoka kwa jamaa za mti huu kemikali inayoitwa ouabaini. Kila seli ya mwili ina pampu ndogo zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Ouabaini hushika pampu hizo na kuzizuia. Kwenye moyo, sodiamu hujaa ndani ya seli, kalisi nayo huongezeka, mapigo yanavurugika, na dozi ikiwa kubwa moyo husimama.

Pampu za panya zimeumbwa tofauti kidogo pale pale ambapo ouabaini hushika. Kwa sababu hiyo panya huhimili kiasi kikubwa mno kuliko binadamu, mara mamia na zaidi. Ukimpa panya mchujo wenye kemikali za jamii hii halafu ukaandika "hakuna kifo", umepima uimara wa panya. Simbilisi ni shahidi bora zaidi hapo, kwa kuwa moyo wake hudhurika na kemikali hizi kwa namna inayokaribia wetu. Mmea ukitoka katika familia yenye sumu za moyo, natafuta kwanza kemikali zenyewe kwa vipimo vya rangi na kwa kromatografia, njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika. Mnyama atasubiri.

Msunguti unafundisha jambo jingine. Ouabaini hufyonzwa kidogo sana tumboni, ndiyo maana mwindaji huweza kula nyama ya mnyama aliyemwangusha kwa mshale wenye sumu hiyo hiyo. Ikiingia kwenye damu moja kwa moja ni habari nyingine kabisa. Sasa fikiria tiba zetu. Dawa nyingi hunywewa, lakini nyingine hupakwa kwenye chale mbichi, huwekwa kwa bomba la njia ya haja kubwa, au hufukizwa. Sijapata kuona ripoti ya kumnywesha panya ikisema waziwazi kwamba matokeo yake hayahusu dawa ya kuchanjia. Natamani sentensi hiyo iwe ya lazima.

Kabla ya kuuliza kama mmea una sumu, lazima ujue ni mmea gani. Wengi wanakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kuelekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, na kikombe kikiuzwa shilingi 500. Mti uliotumika, mugariga, kitaalamu ni Carissa spinarum. Ni wa familia moja na msunguti, na wataalamu wa mimea wa zamani waliwahi kuziweka spishi za msunguti ndani ya jenasi hiyo hiyo ya Carissa. Porini unaweza kuzitofautisha kwa sababu mugariga una miiba na msunguti hauna. Lakini yote miwili ina majani yanayokaa mawili mawili, maua meupe yanayonukia vizuri na matunda yanayoiva kuwa meusi. Mzizi uliokatwakatwa, ukakaushwa na kutiwa kwenye gunia hauna jani, hauna ua wala mwiba. Sisemi kwamba Samunge palitokea kosa la namna hiyo. Nasema kosa hilo linawezekana mahali popote mizizi inapouzwa kwa kilo.

Ndiyo maana sipokei gunia peke yake. Nataka tawi lenye majani, na msimu ukiruhusu ua au tunda. Linabanwa kati ya magazeti, linakaushwa, linapewa namba na kuhifadhiwa ili mwingine aweze kulikagua baada ya miaka ishirini. Waganga wazoefu hawana shida na sharti hili. Mzee mmoja kutoka Handeni aliniambia, "Mwanangu, hata mimi sichimbi mzizi wa mti nisiouona kichwa chake." Nataka pia sehemu halisi inayotumiwa. Majani ya mwarobaini yanachemshwa nyumba ngapi pwani hii? Lakini mafuta ya mbegu za mti huo huo, walipopewa watoto wachanga huko Malaysia, yaliwasababishia degedege na kuharibika kwa ini, kama madaktari walivyoripoti mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Nchini Ubelgiji gharama ya kukosea mmea ilikuwa kubwa kuliko hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya Brussels iliwapa wanawake vidonge vya kupunguza unene vilivyopaswa kuwa na mmea uitwao Stephania tetrandra. Majina ya mimea hii katika biashara ya dawa za Kichina yanakaribiana, na ndani ya vidonge uliingia Aristolochia fangchi. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sumu ya mmea huo haikuwa siri. Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulikuwa umeonyesha kwamba panya waliopewa asidi ya aristolokia kwa miezi mitatu walipata saratani. Safari hii panya walikuwa wamesema kweli, kwa sababu walipewa muda wa kutosha. Ninapowadai wafadhili fedha za kipimo cha siku 28 au cha siku 90, pamoja na kipimo cha bakteria kinachoonyesha kama kemikali inabadili vinasaba, hoja yangu ni hiyo.

Chupa yenyewe nayo ina mambo yake, na haya hayaandikwi sana. Mganga huchemsha mizizi kwa maji. Sisi maabara huloweka kwenye methanoli, dikloromethani au heksani, kwa kuwa kila kiyeyusho huvuta kemikali za aina yake, kisha tunakivukiza hadi ubaki mchujo mzito kama asali. Kiyeyusho hakitoki chote kirahisi. Miongozo ya kimataifa ya dawa inaruhusu mabaki yasiyozidi sehemu 3000 kwa milioni kwa methanoli, 290 kwa heksani na 60 tu kwa kloroformu. Mchujo uliokaushwa haraka haraka jioni kwa sababu mtu anawahi basi unaweza kuwa na zaidi ya hapo.

Halafu mchujo huo unapelekwa kwa uduvi. Kipimo cha uduvi wa maji ya chumvi kilipendekezwa mwaka 1982 na Meyer na wenzake, nasi tunakipenda kwa sababu ni rahisi na hakihitaji kibali cha wanyama. Mayai makavu ya uduvi hao, Artemia, yanaanguliwa kwenye maji ya chumvi kwa siku moja au mbili, unaweka lava (uduvi wachanga) kumi kwa kila chupa, unaongeza mchujo kwa ukolezi tofauti, na baada ya saa 24 unahesabu waliobaki hai. Mchujo unaoua nusu kwa ukolezi ulio chini ya mikrogramu 1000 kwa mililita huhesabiwa kuwa una nguvu. Lava hajui tofauti kati ya kemikali ya mmea na kloroformu iliyobaki. Hufa kwa vyote. Kwa hiyo lazima iwepo chupa ya kulinganishia: kiyeyusho kile kile, kilichovukizwa kwa njia ile ile, bila mmea. Ripoti isiyo na chupa hiyo mimi huirudisha kwa mwandishi bila kusoma jedwali lake. Seli nazo zinaweza kudanganya kwa upande mwingine. Kipimo cha MTT, kinachoonyesha kama seli zilizooteshwa maabara ziko hai, kina rangi ya njano inayogeuka zambarau seli zikiwa hai, lakini michujo yenye tanini (kemikali za ukakasi) nyingi huigeuza rangi hiyo yenyewe, na seli zilizokufa zikahesabiwa kuwa nzima.

Viyeyusho hivyo hivyo viko pia kwenye mapafu ya kijana wa maabara anayevivukiza. Heksani huharibu neva za miguu na mikono polepole. Ilishawapata mafundi viatu wa Japani na Italia waliofanya kazi na gundi yake. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki na kuharibu neva ya jicho. Dikloromethani hupenya glavu nyembamba za bluu ndani ya dakika chache, kwa hiyo ikimwagika juu ya glavu, vua hapo hapo. DMSO, kiyeyusho tunachoyeyushia michujo migumu, hupita kwenye ngozi na kubeba kilichoyeyuka ndani yake, na ukiwa umeyeyusha mchujo usiojulikana umejipa dozi ambayo hakuna panya aliyewahi kupewa. Etha iliyofunguliwa na kusahaulika kabatini hutengeneza peroksidi zinazoweza kulipuka. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa.

Umeme ukikatika, kabati la kuvuta mvuke linazimika na mvuke unarudi chumbani. Kanuni yangu kwa wanafunzi ni fupi: zima moto wowote, funika chupa, toka nje, subiri. Wengine huona hasara kuacha mchujo katikati, lakini mizizi inaweza kuchimbwa tena. Mabaki yenye klorini, kama kloroformu na dikloromethani, yana ndoo yake, na yasiyo na klorini ndoo nyingine. Kloroformu ikikutana na asetoni penye alkali huweza kulipuka. Sinki si mahali pa chochote kati ya hivi, kwa kuwa maji yake yanafika baharini.

Kwa mganga au mjasiriamali anayetaka kupimiwa, ombi langu ni kwamba alete sufuria yake pamoja na mti. Namaanisha aeleze: mizizi kiasi gani, maji kiasi gani, inachemka muda gani, inakaa siku ngapi kabla ya kumalizika, anayepewa ni nani na kwa siku ngapi. Mchujo wa methanoli unanisaidia kutafuta kemikali, lakini wagonjwa hawanywi methanoli. Kipimo cha usalama kifanywe kwa dawa ile ile wanayokunywa, kwa njia ile ile wanayoipokea. Na anayenunua, akiambiwa imepimwa, aulize imepimwa kwa jina gani la kitaalamu, sehemu gani ya mmea, kwa dozi gani na kwa siku ngapi. Muuzaji aliyepima kweli anazo karatasi zenye majibu hayo, na ana haki ya kuzionyesha kwa fahari.