Ng'ombe Anayekonda Septemba Hahitaji Sindano

Wiki iliyopita mfugaji mmoja alinipigia simu alfajiri akaniomba nifike na sindano ya kunenepesha, kwa kuwa ng'ombe wake mwenye mimba alikuwa amelala tangu usiku na hawezi kunyanyuka. "Bwana mifugo, chakula kipo," alisisitiza kabla sijamuuliza neno. "Mabua ya ekari nne yote nimewaachia, na tumbo limejaa." Kauli hiyo naisikia kila kiangazi katika vijiji vya Shinyanga ninavyovihudumia, na mwaka huu nimeisikia mara nyingi mno nisiweze kuinyamazia.

Tumbo lilikuwa limejaa kweli. Ubavu wa kushoto ulikuwa umetuna na kuwa mgumu kama gunia la pumba lililoshindiliwa, ilhali mifupa ya mgongo ilihesabika mmoja mmoja na nyonga zimechongoka chini ya ngozi. Nilichukua kijiti nikavunja kinyesi kilichokuwa nyuma yake: kilikuwa kikavu, kimejipanga tabaka juu ya tabaka, na ndani yake mlikuwa na vipande vya bua virefu kama njiti ya kiberiti, ambavyo vilikuwa vimetoka karibu kama vilivyoingia. Mfugaji asiyekuwa na maabara anayo hii, naye huiruka kila asubuhi akienda kufungua zizi.

Ng'ombe hayeyushi nyasi kwa nguvu zake mwenyewe. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu wanaoishi katika tumbo la kwanza, nao wanahitaji protini ili waishi na kuongezeka. Chakula kikiwa na protini ghafi iliyo chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hupungua, nyuzi hazivunjiki, na kilicholiwa hukaa tumboni muda mrefu huku kikiziba nafasi ya chakula kingine. Mabua makavu ya mahindi yana protini ya asilimia 3 hadi 5 tu. Kwa hiyo tumbo linalotuna mwezi Septemba kwa ng'ombe anayekonda linaonyesha chakula kilichokwama, na kumwongezea mabua mnyama wa namna hiyo ni kumwongezea mzigo.

Kuhusu sindano nitasema kwa ufupi. Vitamini haziwezi kushika nafasi ya protini, hata ukichoma kila wiki. Dawa ya minyoo ina kazi yake, hasa mvua zinapoanza na zinapokwisha, lakini haimlishi mnyama, na fedha inayotumika kwa chupa hizo kila Septemba ingenunua mashudu ya pamba, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, ambayo mkoa wetu wa pamba unayo na ambayo protini yake huzidi asilimia 20.

Jambo linaloniumiza zaidi ni imani kwamba majani ya akiba yanapaswa kuachwa "yaive" kwanza, kana kwamba ni mahindi. Nyasi huwa na thamani kubwa zinapoanza kuchanua; zikishatoa mbegu, shina hukakamaa, majani hupukutika, na kinachobaki kina uzito mkubwa na lishe ndogo. Mvua zetu kwa kawaida huanza mwezi Novemba, hupumzika kidogo kati ya Januari na Februari, kisha huendelea hadi Aprili au mwanzo wa Mei, hivyo nyasi nyingi za hapa hufikia hali hiyo ya kuchanua mwezi Machi. Mfugaji anayekata Juni na kufunga robota kwa ustadi mkubwa anahifadhi kitu kinachokaribiana na mabua yaleyale, kisha hushangaa robota zinapoisha na ng'ombe wakabaki mifupa.

Hata hivyo, vipeperushi vyetu vinapomwambia mkulima akate nyasi Machi, vinanyamazia jambo ambalo kila mwanakijiji analijua. Machi ni mwezi wa palizi, pamba inadai mikono, mvua bado inanyesha, na nyasi zilizokatwa zinaweza kuoza kabla hazijakauka. Sijawahi kuona kaya yenye watu watano na ng'ombe kumi ikifanikiwa kukausha nyasi za kuwatosha ng'ombe wote katika mwezi huo, nami nimeacha kuwashauri watu jambo ambalo sijaliona likifanyika. Ninachoshauri sasa ni eneo dogo tu la nyasi kwa ajili ya majike wenye mimba na ndama, kisha nguvu yote iliyobaki ielekezwe kwenye masalia ya jamii ya mikunde na marando ya viazi, kwa sababu hayo huvunwa kwa vyovyote vile.

Angalia yanavyopotea. Karanga zikishapukuchuliwa, majani yake huachwa palepale yakakanyagwa na mbuzi. Majani ya kunde na choroko huchomwa pamoja na takataka za shamba. Marando ya viazi hubaki juu ya matuta yakikaushwa na jua kali wakati akina mama wanakatakata viazi kwa ajili ya michembe. Yote hayo yana protini inayozidi ya mabua kwa mbali, na yakianikwa kivulini hadi yakauke huku majani yakiwa bado yameshika shina, kisha yakawekwa juu ya uchanja wenye paa, hudumu hadi mvua mpya. Mabua nayo yakatwe mara baada ya kuvuna. Ng'ombe wakiachiwa shambani hula kwanza majani na maganda ya magunzi, na baada ya wiki chache wanabaki wakitafuna mashina matupu huku mchwa wakimaliza vilivyoanguka.

Mabua yanaweza kuongezwa thamani kwa urea: kilo 4 zilizoyeyushwa katika lita 50 za maji, zinyunyiziwe sawasawa kwenye kilo 100 za mabua yaliyokatwakatwa, kisha yafungiwe bila hewa kwa siku 21 na kuachwa wazi harufu kali ipungue kabla ya kulisha. Wasipewe ndama ambao hawajaanza kucheua, na maji yenye urea yasiachwe mahali ambapo mnyama yeyote anaweza kuyanywa, kwa kuwa humwua kwa muda mfupi sana.

Ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili litumike kiangazi, ni urithi wa busara wa Wasukuma, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulisaidia kuzirudisha nyingi. Lakini nyasi zilizosimama ndani ya ngitili hupoteza protini sawa na nyasi nyingine zote. Naamini sehemu kubwa ya nguvu ya ngitili iko kwenye miti, yaani majani ya vichaka na maganda ya migunga yanayodondoka wakati wa ukame mkali. Mwenye ngitili aliyeikata miti yote kwa ajili ya mkaa amebaki na nyasi kavu zilizozungushiwa mpaka.

Tuhesabu pamoja miezi. Majike wetu hurudisha mwili mvua zinapokolea, wakapandwa Januari na Februari, na kwa kuwa mimba huchukua takriban miezi tisa, wanazaa Oktoba na Novemba. Miezi ambayo ndama hukua kwa kasi zaidi tumboni ndiyo hiyohiyo ambayo zizini hakuna kitu isipokuwa mabua. Ndiyo maana anayelala kwanza asinyanyuke huwa ni jike mwenye mimba kubwa.

Yule wa wiki iliyopita tulimpitishia mti chini ya kifua watu wanne tukamsaidia kukaa vizuri, tukampa maji, mashudu kidogo kidogo na marando aliyoyaleta jirani, naye alisimama siku ya tatu. Nilimwambia mwenyewe kwamba mashudu yaende kwanza kwa wenye mimba na wanaonyonyesha, kilo moja kwa siku, kisha kwa maksai watakaovuta plau mvua zikianza, na kwamba majike watatu wakongwe auze sasa kabla hawajaisha mwili. Amekubali kumuuza mmoja, mnada ujao.