Ugonjwa wa utumbo na saratani ya shingo ya kizazi: yanayosemwa na yalivyo

Wanawake wenye ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, yaani magonjwa ya kudumu ya utumbo kuvimba, huambiwa mengi huku kwetu Unguja na Pemba. Linalorudiwa sana ni hili: "Tumbo la kuendesha damu likikaa miaka, hushuka kwenye kizazi likawa kansa." Utumbo haushuki. Karibu saratani zote za shingo ya kizazi huletwa na virusi vya HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, huleta takriban asilimia 70. Mwili wenye kinga nzima huvifukuza wenyewe, mara nyingi ndani ya miaka 2. Vikibaki, chembe za shingo ya kizazi hubadilika polepole, na hadi kufika saratani hupita miaka 15 hadi 20. Kinga ikiwa dhaifu, inaweza kuwa 5 hadi 10.

Utumbo unaingia hapo kwenye kinga. Dawa za utumbo kama azathiopirini, prednisoloni na baadhi ya sindano mpya huibana kinga kwa sababu ndiyo inayoushambulia utumbo. Ikibanwa, huchelewa pia kuvifukuza virusi. Wanaotumia dawa hizi muda mrefu huonekana zaidi na mabadiliko ya awali ya chembe, na anayevuta sigara hujiongezea hatari. Kinga kushuka kwa dawa si ukimwi. Nalisema wazi, maana najua minong'ono inavyoanza mtu akionekana na vidonge vya kila siku.

"Basi naacha dawa." Usiache, dada yangu. Prednisoloni ikikatishwa ghafla inaweza kukuangusha vibaya, na utumbo ukichafuka tena huja na damu, kukonda, pengine kupasuliwa. Cha kubadilisha ni mpangilio wa kupima: wataalamu wa utumbo wa Marekani hushauri mwanamke anayetumia dawa za kubana kinga apimwe shingo ya kizazi kila mwaka.

"Mimi nimeolewa mwari, sijui mwanamume mwengine, kipimo hicho si changu." Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wanaolisema ni wanawake waliojitunza, na heshima yao ndiyo inayowafanya wachelewe. HPV hupita katika tendo la ndoa, ngozi kwa ngozi. Mume mmoja anatosha, na anaweza kuwa nayo tangu ndoa iliyopita bila dalili yoyote. Kukutwa na virusi hivi si ushahidi kwamba mtu ametoka nje ya ndoa.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwa pamba kwenye shingo ya kizazi, husubiri kama dakika moja, na penye kasoro hugeuka peupe. Hukatwi. Ukitaka muuguzi mwanamke, omba. Unguja uliza hospitali ya Mnazi Mmoja. Pemba uliza hospitali ya Chake Chake, au ya Abdulla Mzee kule Mkoani. Nenda na pakiti za dawa zako umwoneshe, kwani asipojua unachotumia atakupangia tarehe ya mbali kama mtu mwengine yeyote.

"Hii damu ya bawasiri, tumbo langu nalijua." Kwenye choo cha kuchuchumaa, ukishamwaga maji, huwezi kujua damu imetoka njia ipi. Vaa pedi nyeupe siku nzima uangalie. Damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, au uchafu wenye harufu, usiusingizie utumbo. Na mwenye Crohn akiona upepo au choo kikipita ukeni, huenda pametoboka kati ya utumbo na uke, aende haraka.

Wapo pia wanaodhani chanjo haimfai binti anayetumia dawa hizi. Chanjo ya HPV haina kirusi hai, hivyo inamfaa. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa binti mwenye kinga dhaifu, Shirika la Afya Duniani linashauri dozi mbili angalau, na tatu ikiwezekana, kwa hiyo mzazi amweleze mchanjaji kuhusu dawa kabla sindano haijapigwa.