Manjano: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wataalamu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huyaita manjano haridra, na huko yako kwenye samli na maziwa kabla hayajafika kwenye kikopo cha dawa. Kwetu yanalimwa Unguja na Pemba, na sokoni yanapimwa kwa kijiko. Kwa kuwa kila mtu anayajua, kila mtu ana lake la kusema juu yake.

"Manjano na kurkumini ni kitu kimoja"

Makosa mengi yanaanzia hapa. Kurkumini ndiyo inayotoa ile rangi, lakini kwenye unga wa kawaida ni asilimia 3 hivi tu. Kijiko cha chai cha unga kina uzito wa gramu 3, yaani miligramu 90 za kurkumini. Kidonge cha miligramu 500 chenye kurkumini asilimia 95 kina miligramu 475. Hivyo ni vijiko vitano vya chai kwa mmezo mmoja. Majaribio mengi ya maumivu ya goti yalifanywa kwa dondoo zilizokolezwa namna hii, si kwa chai ya manjano, kwa hiyo matokeo yake usiyahamishie kwenye kikombe chako. Na hata akisikia kuwa manjano hutibu kisukari, aliyeandikiwa dawa za ugonjwa huo asiziache kwa ajili ya kikombe wala kidonge.

"Ukitia pilipili manga, mwili unafyonza yote"

Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1998 uliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kile kiini cha ukali wa pilipili manga. Kiwango kwenye damu kikapanda kwa asilimia 2,000. Ni kweli, ila bila piperini kiwango hicho kilikuwa karibu hakipimiki, na kidogo sana kikizidishwa mara ishirini bado ni kidogo. Tena piperini inafanya kazi kwa kuzuia ini na utumbo kuvunja kurkumini, na haichagui: fenitoini ya kifafa, propranololi ya moyo na theofilini ya pumu nazo zimeonekana kupanda kwenye damu. Anayetumia dawa hizo akimeza kila siku vidonge vyenye piperini, amejibadilishia dozi bila kujua.

Jikoni, usisahau mafuta. Koroga kijiko cha manjano kwenye glasi ya maji, iache dakika kumi, utaona unga umetuama chini, maana kurkumini haiyeyuki kwenye maji. Kuyapitisha manjano kwenye samli ya moto, au kuyachemsha na maziwa yasiyotolewa mafuta, ni desturi yenye sababu. Tui la nazi nalo lina mafuta ya kutosha.

"Ni ya asili, hayana madhara"

Kwenye mchuzi, kwa watu wengi, ndiyo. Kwenye vidonge, sivyo. Mwaka 2019 mamlaka za afya za Italia zilitoa tahadhari baada ya watu waliotumia vidonge vya manjano kupata homa ya ini. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yamegeuka njano au mwili unawasha, acha vidonge siku hiyo hiyo uende hospitali. Mwenye mawe kwenye nyongo, anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na anayesubiri upasuaji wasivitumie bila daktari.

"Rangi ikikolea zaidi ndiyo manjano bora"

Hii ndiyo dhana iliyoumiza watu. Bangladesh, baada ya mafuriko ya miaka ya 1980 kuharibu rangi ya mavuno, wasindikaji walianza kuyapaka kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, ili yang'ae. Risasi hudumaza akili za watoto. Serikali ilipobana mwaka 2019, sampuli za sokoni zilizokutwa na risasi zilishuka kutoka asilimia 47 hadi sifuri kufikia 2021. Hila hiyo ilifanyika kwenye manjano mazima, kwa hiyo kuepuka unga peke yake hakutoshi. Kipande kikikuachia vumbi la njano kali mkononi, kirudishe. Kivunje: kilichokaushwa vizuri ni kigumu, hukatika kwa mlio mkavu, na ndani kina rangi ya chungwa iliyokolea.

Salama zaidi ni kutengeneza mwenyewe. Manjano mabichi kilo 5 hutoa takriban kilo 1 makavu. Yaoshe, tenganisha vipande vinene vya katikati na vidole vyake, kila kundi lipikwe peke yake kwa sababu vinene huchelewa. Chemsha dakika 45 hadi 60, mpaka kijiti kipenye bila kusukumwa kwa nguvu. Yakitolewa mapema huwa mepesi kumeguka, yakizidi moto rangi inaharibika. Yaanike juani siku 10 hadi 15 kwenye tabaka la sentimita 5 hadi 7, maana yakitandazwa membamba sana jua linakula rangi. Usiku yafunike yasipate umande, kisha saga na uhifadhi kwenye kopo lisilopitisha mwanga.

"Doa likigeuka jekundu kwenye sabuni, manjano yalikuwa ya bandia"

Hapana. Manjano halisi hugeuka mekundu yakikutana na sabuni ya mche, magadi au chokaa. Wahindi huchanganya unga wa manjano na chokaa kupata kumkum, ule unga mwekundu wa kupaka kwenye paji la uso. Suuza nguo kwa maji mengi, doa litarudi kuwa njano. Kisha ianike juani ingali mbichi. Mwanga ule ule unaoharibu unga kwenye kopo la kioo ndio utakaofifisha doa.