Okidi ya Kitulo hutambuliwa kwa ua, si kwa kiazi

Mvua zikishakolea Nyanda za Juu Kusini, uwanda wa Kitulo huanza kuchanua, nasi huanza kuletewa viazi vya okidi, maua ya porini, kwenye mifuko: "Mtaalamu, hii ni okidi gani?" Tunashukuru kwa moyo huo wa kutaka kujua. Lakini kwa kiazi peke yake hatuwezi kutaja jina kwa uhakika, na mmea umeshang'olewa.

Piga magoti, geuza ua taratibu bila kulichuma, tazama mgongoni. Vijimkia viwili vilivyoshuka sambamba ni Satyrium, mojawapo ya jenasi (makundi ya spishi) za okidi. Kijimkia kimoja kinachochomoza kwenye kofia ya juu ni Disa. Ua la kijani au jeupe, lenye kijimkia kimoja chini ya mdomo, mara nyingi ni Habenaria. Kutaja spishi kunahitaji picha ya mbele, ya ubavuni na ya majani, sarafu ikiwekwa kando kama kipimo. Na gladiola si okidi, tumeshasema mara nyingi: ina stameni (viungo vya kiume vya ua) tatu zilizoachana, wakati okidi hizi zina nguzo moja nene katikati.

Chini ya udongo kuna viazi viwili: cha zamani kilichosinyaa, kinacholisha ua la sasa, na kipya kigumu cha mwaka ujao. Wachimbaji wa viazi vya chikanda, chakula cha viazi vya okidi kinachouzwa Zambia, hutaka hicho kigumu. Tunaambiwa, "Si itaota kwa mbegu?" Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, isipokutana na kuvu wake udongoni, haioti.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, hairuhusiwi kutoa mmea bila kibali, hata ua moja. Nje ya hifadhi, okidi zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kiazi kibichi, kikavu au unga wake, kikivuka mpaka kinahitaji kibali cha CITES kilichopatikana kabla ya safari, si kuombwa mpakani. Cheti cha afya ya mimea ni hati nyingine: huthibitisha kuwa mzigo hauna visumbufu, basi. Hakichukui nafasi ya kibali. Mzigo usio na kibali hukamatwa, na mwenyewe anaweza kufikishwa mahakamani.

Ukikuta mashimo mapya, piga picha, andika mahali na tarehe, umjulishe askari wa hifadhi au ofisa maliasili wa wilaya. Tafadhali usiyafukie kabla hajafika.