Taa ya maji ya rejeta imewaka: tunayoambiana na ukweli wake

"Mshale wa joto uko katikati, gari halichemshi, endelea tu." Hii ndiyo kauli ninayoisikia kuliko zote pale taa ya kulanti, yaani maji ya rejeta yanayopoza injini, inapowaka kwenye gari la zamani, na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Taa na geji hazipimi kitu kimoja. Taa inaangalia kimo cha maji kwenye tangi. Geji inasoma joto la maji yanayoigusa sensa yake. Maji yakipungua kiasi cha kuiacha sensa hiyo hewani, mshale unaweza kutulia palepale, au hata kushuka, huku hedi, yaani kichwa cha injini, inaungua. Kwa hiyo taa ikiwaka, mshale uliotulia usikupe moyo. Tafuta mahali salama, simama, zima injini, kisha usubiri.

Na kusubiri ni kusubiri kweli. Wapo wanaoamini kwamba ukifunika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa kilicholowa unaweza kuufungua injini ikiwa bado ya moto. Mfumo huu unafanya kazi kwa presha, mara nyingi karibu bar 1, na kwa presha hiyo hata maji matupu hayachemki mpaka yafike kama nyuzi 120 za Selsiasi. Ukilegeza mfuniko, presha inatoka, na maji ya nyuzi 110 yanageuka mvuke papo hapo usoni pako. Kitambaa hakizuii hilo. Shika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa umepoa na unabonyea kirahisi, hapo ndipo ufungue, tena polepole. Usimimine maji baridi kwenye injini iliyochemsha, kwa sababu chuma cha moto kikipoa ghafla kinaweza kupasuka.

"Gari la zamani lazima linywe maji." Hapana. Petroli inachomwa, lakini maji ya rejeta yanazunguka tu kwenye mfumo uliofungwa. Umri unachosha mipira, gasketi na klipu, ila maji yakipungua kila mara, kuna mahali yanakotokea. Kuongeza kila wiki bila kutafuta mahali hapo ni kuahirisha gharama huku ikikua.

"Lakini chini ya gari pakavu!" Hata mimi nilijitetea hivyo. Wiki mbili nilikuwa nainama kila asubuhi kuangalia sakafu, sioni hata tone. Siku nilipomulika tochi upande wa pampu ya maji ndipo nikaona, kwenye ncha ya mpira wa chini, ukoko wa kijani uliopauka, mkavu kama chumvi iliyoganda, umeshuka mstari mwembamba hadi kwenye bloki ya injini. Maji yalikuwa yanavuja injini ikiwa ya moto na kukauka kabla hayajafika chini. Basi usitafute dimbwi, tafuta madoa: kwenye klipu za mipira, kwenye maungio ya rejeta, na chini ya shafti ya pampu ya maji, ambako pampu nyingi zina kitundu kidogo cha kutolea maji sili yake inapokufa.

Nje kukiwa safi, kagua ndani ya gari. Zulia lililolowa upande wa abiria wa mbele, harufu tamutamu, na kioo cha mbele chenye ukungu wa mafuta usiofutika vizuri ni dalili za hita inayovuja. Zaidi ya hapo kuna dalili za gasketi ya hedi iliyokufa, ile inayoziba kati ya hedi na bloki: moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyolala. Hapa pia pana dhana inayotisha watu bure. Utando mweupe kama maziwa chini ya mfuniko wa oili hautoshi kuihukumu gasketi, kwani gari la safari fupifupi hukusanya unyevu na kufanya hivyohivyo. Mwombe fundi apime. Kuna pampu ya mkono inayoujaza mfumo kwa presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, uvujaji ukaonekana injini ikiwa baridi. Kuna pia kipimo cha dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi za mwako kwenye maji.

Kwenye magari mengi ya zamani, chupa ya akiba haimo kwenye presha. Rejeta ikipoa inapaswa kuvuta maji kutoka kwenye chupa kupitia vali ndogo ya mfuniko. Vali hiyo ikiganda au mpirawe ukipasuka, chupa inabaki imejaa huku rejeta inakauka. Ndiyo maana injini ikipoa nafungua rejeta yenyewe, siiamini chupa.

"Ni sensa tu, chomoa waya." Wakati mwingine kweli ni sensa. Nyingi zina boya lenye sumaku linalopanda na kushuka na maji, na matope ya kulanti ya miaka mingi hulinasa chini. Nyingine hutumia ncha mbili za chuma zinazopitisha umeme ndani ya maji, nazo huota utando. Na taa inayowaka asubuhi tu, au kwenye kona na mteremko, mara nyingi inasema maji yako karibu na mstari wa chini, maana yakipoa husinyaa. Yaangalie kwanza kwa macho. Yakiwa kwenye kimo chake na taa bado inawaka, hapo safisha au badilisha sensa. Kuchomoa waya ni kujinyima onyo la siku ambayo maji yatakwisha kweli.

Kuhusu cha kuongeza: rangi haina kanuni moja kwa watengenezaji wote, kwa hiyo usichanganye kijani na pinki kwa kubahatisha wala usiamini kwamba rangi kufanana ni aina kufanana. Soma kitabu cha gari. Kulanti tupu isiyochanganywa nayo si bora zaidi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled) huganda karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, ilhali ethilini glikoli tupu, kemikali ya msingi ya kulanti nyingi, huganda mapema, karibu nyuzi 13 chini ya sifuri, na hubeba joto vibaya kuliko maji. Ni sumu yenye ladha tamu, kwa hiyo iliyomwagika ifute mara moja, mtoto au mbwa asije akailamba.

Themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, usiitoe. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta na huchakaa upesi.

Ukishajaza, taa inaweza kurudi kesho yake kwa sababu hewa iliyonasa imetoka na kimo kimeshuka, hivyo jaza tena kwa mara hiyo moja tu. Kisha chora mstari kwenye chupa, injini ikiwa baridi na gari kwenye tambarare, na uandike kilomita. Fundi akisikia "linapungua kidole kimoja kila kilomita 300, lakini likilala siku tatu halipungui," anajua aanzie wapi.